Greni Mia Tano

Mbogo dume aliyekomaa ana kilo 700 hivi, zaidi ya ng'ombe wawili wa Kisukuma wakipandishwa kwenye mzani mmoja. Katika Pori la Akiba Kijereshi, wilayani Busega, madume hao hulala vichakani mchana na usiku hutoka kutafuta maji na majani. Upande mmoja wa pori ni Hifadhi ya Serengeti. Upande wa pili ni watu: mashamba ya pamba na mahindi, makundi ya mifugo, Lamadi na soko lake, na kule ufukweni mwa Ghuba ya Speke, Nassa. Mbogo akiingia shambani, au tembo, au kiboko aliyepanda kutoka ziwani, simu humwendea askari wa wanyamapori, naye huja na bunduki moja na risasi chache.

Mara nyingi bunduki hiyo ni .375 au .458. Namba hizo ni upana wa risasi kwa sehemu za inchi: milimita 9.5 kwa ya kwanza, 11.6 kwa ya pili. Risasi iliyozoeleka ya .375 ina uzito wa greni 300, na ile ya .458 ina greni 500. Greni ni kipimo cha kale cha Waingereza ambacho ulimwengu wa bunduki umekataa katakata kukiacha. Greni 15.4 ni gramu 1, kwa hiyo greni 500 ni gramu 32.4. Risasi ya AK-47 ina gramu 8 hivi.

Mzee yeyote wa Nassa aliyewahi kuona mbogo aliyejeruhiwa atasema: kwa mnyama huyu, chukua iliyo nzito. Ni kweli. Ila uzito ulioandikwa kwenye boksi ni nusu tu ya habari, na wawindaji wa Afrika walilipa kwa karibu miaka 100, baadhi yao kwa mbavu zao, kabla nusu ya pili haijaeleweka sawasawa.

Frederick Courteney Selous alianza na uzito mtupu. Huyu ni yule Mwingereza ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la kusini mwa Tanzania, na ambaye kaburi lake liko Beho Beho, mahali alipouawa vitani tarehe 4 Januari 1917. Mwanzoni mwa miaka ya 1870, akiwa kijana asiye na fedha kusini mwa Afrika, alinunua magobore mawili ya bei nafuu yaliyokuwa yakimeza goroli la risasi lenye uzito wa robo ratili, yaani gramu 113. Baruti aliibeba kwenye mfuko wa ngozi kiunoni. Alipotaka kujaza, alitia mkono mfukoni, akateka konzi, akaimimina mtutuni. Huo ndio ujazaji wa mkono kwa maana yake kamili.

Kwa magobore hayo aliua tembo 78 katika misimu mitatu, karibu wote akiwa kwa miguu. Lakini siku moja bunduki ilipogoma kulipuka, mbebaji wake alijaza baruti mara ya pili juu ya ile ya kwanza, na ilipokubali, ilimrusha Selous chali na kuvunja kitako. Baadaye aliandika kwamba teke la bunduki zile lilimharibia ulengaji kwa miaka mingi, na kwamba alijuta kuzishika. Akahamia kwenye bunduki nyembamba zaidi, akawa mwindaji bora zaidi.

Gobore la Usukuma ni ndugu wa damu wa bunduki za Selous, ila lenyewe limekonda. Mhunzi hulitengeneza kwa bomba la chuma, baruti humiminwa kwa juu, kisha hufuata chochote kigumu kilichopatikana, mara nyingi kipande cha nondo. Kipande hicho ni chepesi na hakina umbo la kukata hewa. Mtutu wa gobore hauna mifereji ya ndani ya kuizungusha risasi, kwa hiyo nondo hutoka ikipinduka pinduka, hupiga kwa ubavu, na kasi yake huishia kwenye ngozi na misuli ya bega. Mbogo haanguki. Huondoka na chuma mwilini, na siku tatu baadaye anayekutana naye kichakani ni mama aliyekwenda kuokota kuni. Ukiacha suala la uhalifu, ambalo ni zito kwa nafasi yake, hapa ndipo mahali pazuri pa kuanzia hesabu ya risasi: nondo ya gobore imekosa uzito, imekosa urefu, na imekosa mzunguko.

Hesabu yenyewe haimtishi mtu aliyemaliza darasa la saba. Chukua uzito wa risasi kwa gramu, ugawanye kwa mraba wa kipenyo chake kwa milimita. Jibu linaonyesha ni gramu ngapi zinasukuma nyuma ya kila kipande cha upana wa risasi. Risasi fupi na pana hupata jibu dogo. Ndefu na nyembamba hupata kubwa, na mradi isipinde wala isivunjike, itaingia ndani zaidi.

Hesabu hiyo inafumbua kitendawili cha Bell. Walter Dalrymple Maitland Bell, Mskochi aliyewinda pembe za ndovu Karamoja, kaskazini mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000 maishani mwake. Wengi wao aliwaua kwa bunduki ya Mauser ya milimita 7, iliyotengenezwa kwa ajili ya askari wa miguu. Risasi yake ilikuwa ya greni 173 tu, gramu 11.2. Wenzake wenye bunduki za mitutu miwili walimwona mwendawazimu. Wengine mpaka leo humtaja kama ushahidi kwamba uzito ni porojo.

Sasa gawanya. Risasi ya Bell: 0.215. Risasi ya .375 yenye greni 300: 0.214. Zimelingana. Bell hakuwa na risasi nyepesi hata kidogo kwa upana wake. Alikuwa na msumari mrefu, wenye ncha ya mviringo, uliofunikwa gamba gumu lisilofunguka. Alinunua kwa makusudi risasi za kiwanda cha Kijerumani cha DWM, kwa sababu hazikumgomea, na alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande.

Theodore Roosevelt yuko upande wa pili wa hesabu hiyo. Rais huyo mstaafu wa Marekani alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 na shehena ya bunduki, na aliyoipenda kuliko zote kwa simba ilikuwa Winchester ya .405. Risasi yake ilikuwa na greni 300, uzito uleule wa .375. Lakini ilikuwa pana zaidi na fupi zaidi, na ukigawanya unapata 0.178 tu. Kwa simba, ambaye ngozi yake ni laini na mifupa yake si ya kutisha, ilitosha na kubaki. Kwa kifaru na tembo, Roosevelt alishika bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland aliyozawadiwa na Waingereza. Alikuwa na macho mabovu lakini si mjinga.

Hata hivyo, si haki kumchukua Bell mzima mzima na kumleta Busega. Yeye aliwinda tembo wasiojua bunduki, mchana, mahali pa wazi, akichagua pembe ya kupigia, na asipoipenda alingoja. Askari anayeitwa saa nane usiku kwenye shamba la mahindi hachagui pembe. Mbogo anaweza kumjia uso kwa uso, kichwa juu, au akampa mgongo akikimbilia watu. Hapo upana na uzito vinarudi na hoja zao: risasi ya .458 hutoboa tundu kubwa zaidi, na ikigonga mfupa mzito haipotezi njia kirahisi. Jibu lake kwenye hesabu ni 0.239.

Waingereza walifika kwenye risasi za aina hiyo kwa njia ya baruti. Mwaka 1889 wataalamu wao walibuni kodaiti, baruti isiyo na moshi, yenye umbo la nyuzi. Miaka 9 baadaye kampuni ya Rigby ilitoa .450 Nitro Express: greni 480 zikitoka kwa kasi ya mita 655 kwa sekunde. Magobore ya robo ratili yakawa takataka kwa usiku mmoja. Lakini kodaiti ilikuwa na tabia moja mbaya: joto likipanda, presha yake ndani ya mtutu nayo hupanda. Risasi iliyojaribiwa London kwenye baridi, ikiachwa juani Tabora au Bengal, ilivimbisha ganda mpaka likang'ang'ania chemba. Fikiria mtu aliyemjeruhi mbogo, ambaye bunduki yake imekataa kutema ganda. Ndiyo maana mafundi wakaamua kutengeneza maganda makubwa mno, yenye nafasi ya kutosha ndani, ili presha ianze chini na hata ikipanda isilete maafa. Ukubwa wa risasi hizo za zamani, ambao hupendeza sana kwenye picha, ulikuwa dawa ya joto.

Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ikapiga marufuku kipenyo cha .450 India na Sudan, kwa kuhofia waasi kupata risasi za bunduki zao za Martini-Henry. Wafanyabiashara hawakulala. Wakaja na .465, .470, .475, kila kiwanda na namba yake, zote zikifanya kazi ileile kwa vipenyo vilivyotofautiana kwa unywele. Iliyodumu kuliko nyingine ni .470 yenye greni 500, na hadi leo mwindaji bingwa anayeshika bunduki ya mitutu miwili katika pori la Maswa ana nafasi kubwa ya kuwa ameshika hiyo. Kwa askari wa serikali, mambo yalikuwa ya kubana matumizi. Idara za wanyamapori za Kenya na Tanganyika ziliwapa .404 ya Jeffery, bunduki ya mtutu mmoja ya kukoki kwa mkono, greni 400, teke la kuvumilika. Hao ndio waliofanya kazi chafu ya kufukuza na kuua tembo wa mashambani enzi za Bwana Nyama, na hakuna aliyewaandikia vitabu.

Wajerumani, waliotawala kabla ya Waingereza, walikuwa na jibu lao. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, alitoa mwaka 1905 risasi ya 9.3x62 kwa ajili ya walowezi wa Afrika ambao hawakuwa na fedha za kununua bunduki za Waingereza. Iliingia kwenye Mauser ya kawaida bila kubadilisha mtambo. Gramu 18.5, gawanya, unapata 0.214. Karibu namba ileile ya Bell, namba ileile ya .375, ambayo haikuzaliwa hadi mwaka 1912. Watu watatu wasioshauriana walifika mahali pamoja. La kuchekesha ni kwamba kanuni za uwindaji za Tanzania huweka .375 kuwa kipenyo cha chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, na risasi ya Bock kwa inchi ni .366. Imekosa mtihani kwa sehemu 9 za elfu za inchi, baada ya kuangusha mbogo tangu kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Kisha viwanda vikachoka. Ukoloni ulipokuwa ukifunga virago miaka ya 1960, kampuni ya Kynoch ya Uingereza, iliyokuwa mama wa karibu risasi zote za bunduki kubwa, iliacha kuzitengeneza. Bunduki zenye thamani ya nyumba zikabaki bila chakula. Hapo ndipo kujaza kwa mkono kulipoacha kuwa burudani ya watu wa vilabu vya shabaha na kuwa njia pekee ya kuendelea kuwinda.

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba njano, fataki iliyoko kitakoni mwa ganda, baruti, na risasi yenyewe iliyobanwa mdomoni. Ganda likishatumika halijafa. Mjazaji hulirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, hung'oa fataki iliyokufa na kuweka mpya, hupima baruti kwenye mizani inayoona tofauti ya sehemu ya kumi ya greni, hukaza risasi mpya. Kazi nzima hufanywa mezani, na hatari yake kubwa ni ileile iliyomrusha Selous: kujaza mara mbili bila kujua. Ndiyo maana wajazaji makini hupendelea baruti inayolijaza ganda kiasi kwamba dozi mbili zingefurika mezani.

Bunduki ya mitutu miwili ilikuwa na ukaidi wa ziada. Kiwandani, fundi huunganisha mitutu yake kwa kuifyatua, kuangalia shabaha, kuyeyusha tena risasi ya kuungia, kuisogeza kwa unywele, na kuifyatua tena, mpaka risasi ya kulia na ya kushoto zikutane karibu mahali pamoja. Marekebisho hayo ni ya uzito mmoja na kasi moja. Mjazaji akiweka greni 400 badala ya 500, au akiongeza kasi kwa tamaa, mtutu wa kulia hupiga kwake na wa kushoto kwake. Kwa hiyo anayeijazia bunduki hiyo hatafuti nguvu. Anatafuta kuiga, kwa baruti ya kisasa, kile ambacho kodaiti ilikifanya alipokuwa hajazaliwa. Mwenye bunduki ya mtutu mmoja ana uhuru zaidi, na hapo ndipo majaribu yanapoanza.

Hadithi ya .458 inaonyesha majaribu hayo vizuri kuliko nyingine yoyote. Mwaka 1956 Winchester ya Marekani iliahidi nguvu za .470 kwenye bunduki ya bei ya mtu wa kawaida: greni 500 kwa mita 650 kwa sekunde, katika ganda fupi la milimita 63.5 linaloingia kwenye mtambo wa kawaida. Wawindaji mabingwa wa Kenya na Tanganyika waliipokea kwa mikono miwili. Risasi zake zilipatikana. Za Waingereza zilikuwa zikiadimika. Lakini ganda lilikuwa fupi mno kwa ahadi iliyotolewa. Ili baruti itoshe, ilibidi ishindiliwe. Ikikaa miaka kwenye joto, baruti iliyoshindiliwa iliweza kugandamana ikawa bonge, na bonge haliwaki sawasawa. Kasi ambayo kiwanda kiliipima kwenye mtutu mrefu wa majaribio haikupatikana porini. Risasi nyingine zilitoka kwa uvivu wa kutisha, na mbogo alipogongwa alikuja mbele badala ya kwenda chini.

Mmarekani Jack Lott alikuwa mmoja wa waliojiwa. Mwaka 1959, huko Msumbiji, mbogo aliyempiga kwa .458 alimrusha na kumjeruhi vibaya. Alipopona hakuacha kuwinda; alikaa na kalamu. Kufikia mwaka 1971 alikuwa na jibu: ganda la .375 lililopanuliwa mdomo na kukatwa kwenye milimita 71, yaani milimita 7.5 zaidi ya ganda la Winchester. Kwa miaka mingi .458 Lott haikuuzwa dukani. Iliishi kwenye meza za wajazaji tu, na kila aliyeitaka alijitengenezea mwenyewe, mpaka viwanda vilipoona aibu na kuifuata. Jambo la busara katika ubunifu wake ni kwamba chemba ya Lott hupokea pia risasi fupi ya Winchester. Mwindaji aliyepoteza boksi lake uwanja wa ndege anaweza kuazima risasi za askari na kuendelea.

Milimita 7.5 hizo hazikununua nguvu za kujivunia. Zilinunua nafasi, ili baruti isishindiliwe na presha isikae ukingoni.

Swali la risasi yenyewe, yaani kile kipande kinachoruka, lilichukua muda mrefu zaidi. Hesabu ya uzito na upana hudhani risasi itabaki na umbo lake, na risasi nyingi hazibaki. Zile za ncha laini, zenye moyo wa risasi asilia na gamba jembamba la shaba, hufunguka zikigonga nyama. Zikienda kasi mno au zikikutana na bega la mbogo mapema, hupasuka na kubaki vipande. Risasi iliyoondoka na greni 500 inaweza kufika ndani ikiwa na 250. Kwa maneno mengine, mtu alinunua 0.239, mbogo akapokea nusu yake. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alishindwa kumwangusha kulungu mkubwa wa Kanada aliyekuwa amejipaka tope, kwa sababu risasi zilimpasukia juu juu. Akaenda nyumbani akatengeneza risasi yenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunguka, ya nyuma hubaki nzima. Mwaka 1989 Randy Brooks wa kampuni ya Barnes akaenda mbali zaidi, akatoa risasi ya kuwindia ya shaba nyekundu tupu, isiyo na moyo wa kumwagika.

Kwa mjazaji, shaba tupu imeleta hesabu mpya. Shaba ni nyepesi kuliko risasi asilia, kwa hiyo greni 500 za shaba ni ndefu kuliko greni 500 za zamani, na urefu huo hauna pa kwenda ila ndani ya ganda, mahali pa baruti. Katika ganda fupi la .458 Winchester hilo ni kosa la kurudia yaleyale ya mwaka 1956. Wenye busara hushuka hadi greni 450. Wazee hukunja uso: mnapunguza uzito? Gawanya: 0.215. Tumerudi kwa Bell, safari hii kwa tundu la milimita 11.6, na risasi ambayo hufika ndani na karibu uzito wake wote. Kati ya greni 500 zitakazovunjika na 450 zitakazobaki 450, mwandishi huyu hangesita.

Tembo hana mjadala. Ubongo wake umekaa nyuma ya mfupa wenye vitundu vitundu unaofanana na sega la nyuki, na kutoka mbele risasi ina karibu nusu mita ya kusafiri kabla ya kufika. Ncha laini haifiki. Hutakiwa risasi ngumu, ya kipande kimoja cha shaba au yenye gamba la chuma, na miaka ya karibuni wengi wamehama kutoka ncha ya mviringo kwenda ncha bapa. Inaonekana kinyume cha akili, lakini ya mviringo ikiwa ndani ya mwili ina tabia ya kuyumba na kupinduka, wakati bapa husukuma nyama pembeni na kubaki kwenye mstari.

Kwa mbogo, desturi ya zamani bado ina mashiko: ya kwanza iwe ya ncha laini iliyo imara, zinazofuata ziwe ngumu. Sababu yake haimhusu mbogo anayelengwa tu. Risasi ngumu ya .458 hupita mbogo ubavu kwa ubavu na kutoka, na nyuma yake katika kundi kuna jike mwenye ndama, au katika shamba la Busega kuna nyumba ya bati ya mtu aliyepiga simu. Risasi inayofunguka kidogo na kubaki chini ya ngozi ya upande wa pili imefanya kazi yake yote ndani ya mnyama aliyekusudiwa. Mbogo wa kwanza akishageuka kukimbia, hapo ndipo ngumu inapohitajika, kwa sababu lazima ipite nyonga na tumbo lililojaa majani mabichi kabla ya kuufikia moyo.

Tanzania, askari hajazi risasi zake. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, na idara hutumia zinazonunuliwa zikiwa kamili. Risasi za kujaziwa mkono huja na wageni. Pori la Akiba Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962 kusini magharibi mwa Serengeti, lina vitalu vya uwindaji wa kitalii, na kuanzia Julai wageni hushuka na mabegi yao. Mashirika ya ndege humruhusu abiria kilo 5 tu za risasi. Kwa .458 hizo ni risasi 90 hivi, na ndani yake zimo za majaribio na za kuwindia.

Mwindaji bingwa mwenye uzoefu huzitazama kwa shaka risasi hizo. Mgeni amezijaza nyumbani kwake mwezi Februari, nje kuna theluji, na ameongeza baruti kidogo juu ya kipimo kwa sababu ganda lilitoka vizuri. Sasa zimekaa mchana kutwa kwenye Landkruza iliyofungwa vioo, mwezi Septemba, jua la Meatu. Baruti za kisasa zinavumilia joto kuliko kodaiti, lakini si zote, na si kwa kiasi sawa. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza hakuna kuwinda. Karatasi hubandikwa kwenye boksi umbali wa mita 50, mgeni hufyatua, na mwenyeji haangalii tundu kwenye karatasi peke yake. Huokota ganda na kuangalia kitako chake. Fataki iliyotandazwa bapa kabisa, au alama ya kung'aa mahali ganda liliposuguliwa na mtambo, ni dalili ya presha iliyopita kiasi. Boksi hilo hubaki kambini, na mgeni huazimwa risasi za kampuni.

Zikifaulu, hupitishwa zote kwenye bunduki moja moja, kutoka magazini hadi chemba, bila kufyatuliwa, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama. Risasi iliyokazwa nje kwa nusu milimita zaidi hukwama hapo, mbele ya chai, badala ya kukwama mbele ya mbogo. Zilizokwama hutengwa na kurudi na mwenyewe kwao, kwa sababu kila risasi iliyoingia nchini imeandikwa kwenye kibali, na siku ya kuondoka polisi wa uwanja wa ndege watataka kuona hesabu.